Maji Yaliyokula Sakafu

Funguo za chumba cha pampu nimezikabidhi, na koti la kazi nimemwachia aliyenifuata, ingawa linambana mabegani. Tangu nirudi kibanjani kwangu Kanazi, ninyi vijana wa mtambo mmekuwa mkija mmoja mmoja, mnakaa, mnakunywa chai yangu, halafu mnauliza swali lile lile: mzee, kwa nini maji ya bwawa letu yanapitishwa kwanza kwenye mapipa ya makombe ya konokono? Nimechoka kulijibu kwa mdomo. Nimekaa niliandike mara moja tu, msome wote, mniachie nafasi ya kupalilia migomba.

Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Cheo nilichoanza nacho ndicho nilichostaafu nacho, ila jina lake walilibadilisha kila walipobadilisha karani. Nitaandika habari za maji, sabuni na saruji, na watu wachache waliokuwepo.

Niliingia kazini Bukoba mjini muda mfupi baada ya Uhuru, idara ya maji. Nilikuwa kijana wa darasa la nane, nimevaa viatu vya kaka yangu, na nilitegemea siku ya kwanza nitapewa spana kubwa nitembee nayo barabarani wasichana wanione. Nikapewa kichupa cha sabuni ya maji. Aliyenipa ni Mzee Athumani, fundi wa zamani wa idara, mkazi wa Bilele. Babu yake alikuja huku na biashara kutoka pwani, akaoa, akabaki. Mzee mwenyewe bahari hakuwahi kuiona, lakini ukimpa nafasi angekueleza ladha yake mpaka usikie kiu.

"Wewe mtoto wa nani?" akaniuliza.

"Wa Ta Laurenti wa Kanazi, mzee."

"Kumbe ni Ta, si Bwana. Mhaya. Bila shaka unapenda maji matamu."

"Ndiyo, mzee. Nani asiyeyapenda?"

"Saruji," akasema. "Haya, kamata kichupa."

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, na nililielewa baada ya miaka. Kwetu maji mazuri ni maji matamu, yale ya chemchemi ya mlimani au ya mvua, ambayo ukipaka sabuni kidogo tu povu linajaa beseni. Mama akisifiwa kwa nguo nyeupe, nusu ya sifa ni ya chemchemi yake. Sasa Mzee Athumani akaniambia kwamba povu hilo linatokea kwa sababu ndani ya maji hayo hamna kitu. Hayana kalsiamu, yaani ile chokaa inayotoka kwenye mawe. Na maji yasiyo na kalsiamu hayatulii. Yanaitafuta popote ilipo, na kwenye tangi au bwawa ilipo ni ndani ya plasta ya saruji. Yanailamba polepole, mchana na usiku, mpaka mchanga unabaki peke yake. Maji magumu, yenye kalsiamu nyingi, nayo yana ubaya wake: yanaweka ukoko kwenye mabomba na kwenye birika, na sabuni inaisha povu hulioni. Kazi yetu ni kuyaweka katikati, yasile wala yasitapike. Samahani kwa maneno hayo, ni ya Mzee.

Kupima tulipima hivi. Unajaza kichupa nusu kwa maji, unadondosha sabuni tone moja, unatikisa, unakilaza ubavu. Povu likivunjika, unaongeza tone. Povu likisimama, umefika. Maji laini yanatosheka upesi, maji magumu yanakunywa sabuni kama mlevi. Saa ya mkono hatukuwa nayo, kwa hiyo Mzee alipima muda kwa Alhamdu: akaisoma kimoyomoyo mpaka mwisho, na povu likiwa bado limesimama, limesimama kweli. Mimi nilitumia Salamu Maria. Majibu yetu yalipotofautiana, alisema Wakatoliki tunasali haraka. Baada ya sabuni, akanifundisha mkono: kila asubuhi pitisha kiganja ukutani na sakafuni mwa tangi. Likiwa laini kama sahani, nenda kanywe chai. Likikukwaruza, chai isubiri.

Baada ya Azimio la Arusha nikahamia upande wa Muleba, kwenye hospitali ya misheni iliyokuwa imejengewa bwawa la mazoezi. Mliozoea mabwawa ya hoteli mngelicheka. Lilikuwa fupi, la kimo cha kifua cha mtoto upande mmoja na kifua cha mtu mzima upande wa pili, limeezekwa bati, maji yake yanapashwa moto kwa kuni. Hakuna aliyeogelea mle. Lilikuwa la watoto waliopooza miguu kwa polio, na wakati ule walikuwa wengi. Mtoto asiyeweza kusimama nchi kavu, ukimshusha majini uzito unampungua, miguu inapata nafasi ya kukumbuka kazi yake. Aliyenieleza hivyo ni Sista Perpetua, Mhaya mwenzetu aliyesomea mazoezi ya viungo Ulaya na kurudi na suruali ya kuogea ambayo mama mkuu wa shirika hakuipenda hata kidogo.

Maji tulivuta kwa pampu ya dizeli kutoka kisima kirefu. Yalikuwa na kalsiamu kiasi, na iliyopungua tuliongeza kwa chumvi ya kalsiamu, chembe nyeupe zilizokuja ndani ya mapipa kutoka kwa wafadhili. Hapa mnisikilize, maana hata leo kuna wanaokosea. Chumvi unaitia kwenye ndoo ya maji, humwagii maji juu ya chumvi. Inachemka yenyewe bila moto, niulizeni mimi na kovu la kiganja hiki. Na usiitie wakati mmoja na magadi, vitagombana, bwawa zima litageuka rangi ya maziwa, na Sista atasimama kando mikono kiunoni. Hilo nalo niulizeni mimi.

Kazi ilikuwa shwari miaka hiyo. Tatizo kubwa lilikuwa senene, wale panzi watamu wa kukaanga, ambao msimu wao walifuata taa za korido na kuangukia bwawani. Wauguzi waliwaokota asubuhi kwa vikapu na kudai kwamba wananisaidia usafi.

Halafu mapipa yakaacha kuja. Wafadhili waliandika kwamba yametumwa, bandari ikasema hayajafika, na sisi huku tukajua kwamba hatutayaona. Haikuwa chumvi peke yake. Sabuni ikawa ya foleni, sukari ya foleni, na dizeli ikawa ya kusikia kwa watu. Daktari mkuu akaamua dizeli iliyopo iwashe taa za chumba cha upasuaji, na uamuzi huo hata mimi mwenye pampu sikuwa na la kuupinga. Bwawa likabaki bila maji mapya.

Mwaka huo ndipo Koku aliletwa. Jina kamili Kokushubira, mtoto wa kama miaka saba, kutoka Kishanda. Alibebwa na mama yake, Ma Kokugonza, mjane, mgongoni njia nzima, kwa sababu gari la kijiji halikuwa na mipira. Miguu yote miwili ilikuwa imelegea na magoti yameanza kujikunja. Sista Perpetua alimpima kitandani, akamkunjua, akamkunja, kisha akamwambia mama yake mbele yangu, kwa Kihaya, bila kuzunguka: "Ma, mguu mmoja utarudi vizuri, mwingine utahitaji chuma. Lakini ni lazima aingie majini kila siku, kwa miezi. Akikosa maji, magoti yatafunga hivyo yalivyo, na atakaa mkekani maisha yake yote."

Ma Kokugonza akauliza jambo moja tu. "Na maji yapo?"

Sista akanitazama mimi.

Kilichofuata ni jambo jema, na ndilo lililotuponza. Mwenyekiti wa kijiji jirani na hospitali, Ta Rwegoshora, alikuwa mtu wa vitendo. Ukimpa wazo asubuhi, jioni watu wana majembe mabegani. Aliposikia watoto wamekosa maji akaitisha nguvu kazi. Wakachimba mtaro kutoka chemchemi ya mlimani mpaka ukutani mwa hospitali, wakatandika bomba, maji yakashuka yenyewe bila pampu na bila dizeli. Wanawake walichimba na watoto mgongoni. Siku ya kufungua koki kulikuwa na ngoma, hotuba, na pombe ya ndizi ambayo masista hawakuiona. Na maji yenyewe! Matamu, baridi, maangavu, yale yale ambayo kila Mhaya angempa mkwewe. Koku akashushwa bwawani siku ile ile, Sista akamshika makwapani, na mtoto akacheka kwa sauti alipoona vidole vyake vinagusa chini.

Nilipima kwa kichupa. Tone moja, povu likasimama Salamu Maria nzima na bado likawa linanitazama. Nilijua maana yake. Lakini chumvi sikuwa nayo, na nani angesimama siku ile akasema maji hayo hayafai? Nilimwambia Sista na Daktari faraghani. Daktari alielewa mara moja. Alisema, "Tuyatumie, Anselmi, tuone yatatupa muda gani."

Hayakutupa muda mrefu. Wiki hata hazikuwa nyingi kiganja kikaanza kukwaruzwa. Kwanza pembeni mwa ngazi, kisha sakafu ya upande wa watoto, mahali wanapokokota miguu. Plasta iliyokuwa laini kama sahani ikawa kama ulimi wa ng'ombe, halafu kama msasa. Maji yakawa na vumbi jeupe chini. Watoto wa polio hawanyanyui miguu, wanaiburuta, na ngozi ya miguu isiyotembea ni nyororo. Wakaanza kutoka majini wanavuja damu magotini na vidoleni. Koku alikuwa amefika hatua ya kusimama kwa kushika chuma cha ukutani. Siku moja aliachia mkono mmoja, akajivuta hatua kama tatu peke yake, akafika kwa Sista anacheka, na nyuma yake majini kulikuwa na mstari mwekundu. Mama yake aliuona, akageuza uso ukutani. Mimi nilienda chumba cha pampu nikafunga mlango nikapiga teke pipa tupu. Lilikuwa la chumvi ya kalsiamu.

Vidonda vikaanza kuoza. Daktari akasema, kwa haki kabisa, kwamba hawezi kuwatibu miguu kwa kuwaua kwa tetenasi. Bwawa lingefungwa mwisho wa mwezi kama sakafu haijapona, na mimi nifunge koki ya chemchemi tangu siku ile. Nikaifunga.

Ta Rwegoshora alikuja kesho yake na nusu ya kijiji nyuma yake.

"Ndugu Fundi," akasema, na alipokuita ndugu kwa sauti ile ulijua undugu una kasoro, "wananchi wamechimba kwa mikono yao. Wewe umefunga koki. Tueleze, wananchi wasikie."

Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha utaalamu. Nikaleta vichupa viwili, kimoja cha maji ya akiba ya kisima, kingine cha chemchemi. Nikadondosha sabuni, na mjue miaka ile tone la sabuni lilitazamwa na watu kwa heshima. Ya kisima nikatikisa mpaka mkono ukauma, povu hakuna. Ya chemchemi, tone moja, povu likajaa mpaka kizibo.

"Mmeona?" nikasema.

"Tumeona!" wakaitikia kwa furaha, na wengine wakapiga makofi. Mama mmoja akapenya mbele akaomba, kama nimemaliza, apewe kile kichupa chenye povu akafulie kitambaa. Ta Rwegoshora akanyoosha mikono kwa wananchi. "Fundi mwenyewe amethibitisha! Maji yetu yamekishinda kisima!" Nilijaribu kueleza kwamba povu hilo ndilo ugonjwa wenyewe. Wakanitazama kwa huruma, kama mtu aliyesoma akapita kiasi. Daktari alikuwa dirishani anashika mdomo asicheke. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Nikapanda lori la kahawa kwenda Bukoba kutafuta chokaa. Chokaa ikitumiwa kwa akili ingeweza kushika nafasi ya chumvi. Nikazunguka ghala, idara, maduka. Chokaa yote ya wilaya, nikaambiwa, imetoka: kuna mgeni mkubwa anakuja, na mawe ya kando ya barabara yanapakwa meupe. Nilipokuwa nikitembea kwenda Bilele niliyaona, yamepangwa vizuri, jiwe jeupe, jiwe jeupe, jiwe jeupe, hadi mashina ya miti yamevikwa soksi. Nilisimama nikayatukana kwa Kihaya, kwa kuwa Kiswahili changu cha matusi si kizuri.

Mzee Athumani alikuwa amestaafu, amekaa barazani kwake anaparura kiko. Nikamweleza yote. Hakunipa pole hata moja.

"Umetafuta chokaa ya unga," akasema. "Nani kakwambia lazima iwe unga? Maji ya mlimani kwenu ni machachu, yana gesi. Yana meno. Yape kitu cha kutafuna. Babu yangu alikuwa akisema visima vya kwao pwani vimechimbwa kwenye matumbawe, na maji yake sabuni haitoi povu hata ulie. Kwa nini? Maji yamelala ndani ya jiwe la chokaa usiku kucha, yameshiba."

"Mzee, huku hatuna matumbawe."

"Ziwa mnalo? Konokono wanakufa au hawafi? Nenda Kemondo, ufukweni, ukaone makombe yalivyolala. Kombe ni chokaa tupu. Toboa pipa chini, jaza makombe, maji yaingilie chini yatokee juu, polepole. Ukiharakisha hayatakula." Kisha akaongeza, "Na yaoshe kwanza. Yananuka vibaya sana."

Hilo la mwisho angelitilia mkazo zaidi.

Nilirudi Muleba na gunia moja. Daktari akalipokea wazo vizuri, akasema amewahi kusoma habari za miji inayopitisha maji kwenye mawe ya chokaa, na hakuona kwa nini kombe lishindwe. Lakini gunia moja lingetosha kikombe. Tulihitaji makombe ya mapipa matatu, na mikono ya kuyaokota, kuyabeba, kuyaosha na kuyaponda. Mikono hiyo alikuwa nayo Ta Rwegoshora. Na plasta ya sakafu ilitaka saruji. Mfuko pekee wa saruji niliojua uliko ulikuwa umefichwa nyumbani kwake, kwa ajili ya sakafu ya ofisi ya tawi la chama.

Alikuja wodini kusikiliza, kwa sababu Sista Perpetua alimwita, na Sista akikuita huulizi. Tukakaa kwenye benchi karibu na kitanda cha Koku, ambaye miguu yake ilikuwa imefungwa bandeji mpaka magotini. Ma Kokugonza akafanya kama angefanya nyumbani kwake. Hata kule wodini alikuwa na kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba, na ndani yake akamwani, ile buni iliyochemshwa na kukaushwa ambayo kwetu mgeni anapewa atafune kabla ya maneno yoyote. Akamtolea mwenyekiti kwa mikono miwili, kisha mimi. Tukatafuna. Ndipo nikaeleza habari ya makombe.

Ta Rwegoshora alikataa kwa upole, akianza na neno letu la heshima, na ule upole wake ulikuwa mbaya kuliko hasira. "Waitu, Fundi, maji ya wananchi, maji safi ya chemchemi, tuyapitishe kwenye mifupa ya konokono? Nitawaambia nini waliochimba? Kwamba maji yao yalikuwa machafu?"

Nikafungua mdomo nianze tena habari ya povu. Ma Kokugonza akaniwahi.

"Ta Rwegoshora, ulipofika nimekupa nini?"

"Akamwani, Ma. Nashukuru."

"Kabla hujasema neno?"

"Kabla."

"Nisingekupa, ungenisema kijiji kizima. Maji haya nayo yametoka mlimani, yamesafiri, hayajala kitu. Hakuna aliyesema ni machafu. Ni mgeni wetu, tena wa heshima. Lakini tumemwingiza ndani tukamkalisha bila kumpa chochote, na ana njaa. Sasa anakula nyumba." Akaonyesha bandeji. "Na watoto wa nyumba. Mpeni akamwani yake mlangoni, ndipo aingie."

Mwenyekiti aliacha kutafuna. Akatazama ile miguu. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. "Yaani sisi ndio tumemkosea mgeni!" akasema. "Sisi Wahaya!" Mimi nilikuwa nimesomea maji miaka yote hiyo, na sikuwahi kufikiria kuyaeleza hivyo. Niliona wivu kidogo, na nilifurahi sana.

Jumamosi yake watu walikuwa Kemondo na vikapu. Hotuba aliyowapa ilikuwa ile ile ya Ma Kokugonza, ameinyoosha tu na kuitilia kidogo habari za kujitegemea. Makombe yalikuja kwa vichwa, kwa baiskeli, na kwa lori la kahawa lililokuwa likirudi tupu, na harufu yake dereva aliilalamikia mpaka Krismasi. Wanawake waliyaosha, wazee wakayaponda kwa michi. Mapipa matupu ya chumvi, pamoja na lile nililolipiga teke, nikayatoboa na kuyaunga. Na siku moja asubuhi nikakuta mfuko wa saruji umesimama mlangoni mwa chumba cha pampu, bila barua wala salamu. Ofisi ya tawi ilibaki na sakafu ya udongo miaka mingi, na mwenyekiti alipoulizwa na wakubwa alijibu kwamba udongo ni wa wananchi.

Nilikausha bwawa, nikapiga plasta upya upande wa watoto, nikaisugua kwa mwiko mpaka Daktari akaniambia nitaimaliza. Kisha nikafungua koki ya chemchemi kidogo tu, uzi wa maji. Bwawa lilijaa kwa mwendo wa konokono wenyewe. Nilipima kila siku. Mwanzoni povu lilisimama upesi, nikapunguza maji zaidi. Polepole sabuni ikaanza kudaiwa. Tone likaongezeka, likaongezeka jingine, mpaka siku povu lilipokataa kusimama pale lilipokuwa likisimama siku zote, nikamaliza Salamu Maria peke yangu bila povu, na nikaona ni sala nzuri kuliko zote nilizowahi kusali.

Msidhani kazi iliisha. Makombe yanaliwa, yanapungua, lazima yaongezwe. Ndiyo maana bado mnayaona. Na siku za kwanza nilizidisha uangalifu mpaka bomba la tanuri la kupashia maji likaanza ukoko, nikalazimika kuchanganya na maji ya mvua. Katikati, vijana. Siku zote katikati.

Koku alirudi majini vidonda vilipokauka. Kila asubuhi kabla hajashuka nilipitisha kiganja sakafuni, na yeye alikaa kwenye ngazi ananingoja nitoe hukumu. Nikisema "Sahani," anashuka. Aliendelea mpaka alipovuka bwawa zima bila kushika. Nchi kavu ilikuwa jambo lingine. Siku aliyoruhusiwa alikuwa na chuma mguu wa kushoto na magongo mawili, na alianguka mara mbili kati ya wodi na geti. Sista alisema magoti yamenyooka, yaliyobaki ni ya mtoto mwenyewe na Mungu. Wakaondoka kwenda Kishanda. Kisha vita vikaja, na baada ya vita taabu zake, nami sikuwasikia tena. Watoto wengine walipita bwawani, wengi. Lakini nilipopitisha kiganja asubuhi, ni yeye niliyejiuliza habari zake: anatembea, au yuko mkekani?

Juma lile nililokabidhi funguo ndipo nilipopata taarifa kwamba Ma Kokugonza amefariki. Nilifika Kishanda msiba ukiwa umeshatawanyika. Nyumba ilikuwa ya bati, ndogo, nje kuna kibao cha fundi cherehani. Aliyenikaribisha sebuleni ni binti wa kama miaka kumi, mjukuu wa marehemu. Kwenye cherehani alikaa mwanamke mnene kidogo, uso wa mama yake kabisa. Alinitambua kabla sijasema.

"Ta Anselmi. Kaa."

Nikakaa chini kwenye mkeka kama msiba unavyotaka, nikatoa pole. Binti akainuka kwenda ndani kuleta akamwani.

"Kaa wewe," Koku akamwambia. "Huyu ni mgeni wangu."

Akaweka mkono kwenye meza ya cherehani, akasimama. Gongo lilikuwa moja, na hakulichukua. Alipita sebule yote, chuma cha mguu wa kushoto kinagonga sakafu, akaingia chumba cha ndani, nikausikia mlio ule unakwenda, unanyamaza, unarudi. Bila kufikiri nilikuwa nimeweka kiganja sakafuni, mazoea ya kazi. Ilikuwa saruji, laini kabisa. Machozi yalinitoka nikayaacha.

Alisimama mbele yangu na kijikapu, akakitoa kwa mikono miwili.

"Sahani?" akaniuliza.

"Sahani," nikasema.

"Basi kula kwanza, Ta. Ndipo tuzungumze habari za Mama."

Nikala.